Epitaloni ya kichupa: tathmini baada ya kuipima maabara

Tathmini hii inahusu vichupa vitano vya epitaloni, kila kimoja kikiwa kimeandikwa miligramu 10, vilivyoagizwa kwa njia ya intaneti kutoka kwa muuzaji mmoja wa peptidi za utafiti (peptidi ni minyororo mifupi ya asidi amino, vijenzi vya protini) ambaye sitamtaja, kwa sababu nilichokiona kwake nimekwisha kukiona kwa wenzake pia, na sioni haki ya kumbebesha mmoja mzigo wa wengi. Niseme mapema kwamba sikujidunga hata tone, kwa hiyo msomaji anayetafuta habari za usingizi mtamu, ngozi nyororo au nywele zilizorudia weusi wake hatazipata hapa. Nilichofanya ni kuipima bidhaa kama bidhaa: lebo inasema nini, ndani mna nini, na kati ya hivyo viwili pana umbali gani.

Vichupa vyenyewe havikuwa vyangu. Aliviagiza mzee mmoja tunayefanya naye kazi, mtu makini aliyekaribia kustaafu, ambaye alikuwa amesoma kwamba peptidi hii hurefusha ncha za kromosomu na hivyo kuchelewesha uzee. Kwa bahati nzuri alikuwa na subira ya kunipitia kabla ya kununua sindano. Aliviweka mezani kwangu, akasema, "Nipimie kwanza, halafu uniambie kama hii ni dawa au ni chaki." Kazi yangu ya kila siku ni uchambuzi wa kemikali, na swali lake lilikuwa la haki, ingawa nilikuja kugundua kwamba majibu yake si mawili tu.

Epitaloni ni peptidi fupi mno. Ni asidi amino nne tu zilizofuatana, yaani alanini, asidi ya glutamiki, asidi ya aspatiki na glisini, na uzito wa molekuli yake ni takriban 390. Insulini, kwa kulinganisha, ina asidi amino 51. Epitaloni iliundwa na kundi la Vladimir Khavinson huko St. Petersburg, Urusi. Kundi hilo lilianza na dondoo ya tezi ya pineali (tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo) ya ng'ombe, iitwayo epithalamini, likachambua asidi amino zilizomo, kisha likaunda mfuatano huu mfupi likitarajia kwamba ungefanya kazi ya dondoo nzima. Msomaji aishike tofauti hiyo kati ya dondoo na peptidi iliyoundwa, maana nitairudia, na wauzaji wengi huifuta kwa makusudi.

Kifurushi kilifika kikiwa na mfuko wa barafu ya jeli uliokwisha kuyeyuka na kuwa vuguvugu. Wanunuzi wengi hulalamikia jambo hili kwa hasira kubwa, lakini mimi simkati muuzaji alama kwa hilo. Peptidi fupi iliyokaushwa kwa kugandishwa, ikiwa imefungwa vizuri na haina unyevu, huvumilia siku kadhaa za joto la kawaida bila kuharibika kwa kiasi cha kuonekana. Kinachoiharibu ni maji, na maji huingia baadaye, mnunuzi anapoyaongeza mwenyewe. Vichupa vilikuwa safi, vizibo vya mpira vilikaa sawasawa na kofia za alumini zilibanwa bila kulegea. Nilipotoboa kizibo cha kwanza, maji yalivutwa ndani kutoka kwenye bomba la sindano bila mimi kusukuma, ishara kwamba ombwe lilikuwa bado halijavuja.

Nilichokitilia shaka ni uzuri wa unga wenyewe. Chini ya kila kichupa mlikuwa na kidonge cheupe, kinene, kilichosimama vizuri kama pamba iliyoshindiliwa. Mnunuzi hufurahi akiona hivyo, na hulalamika akiona utando mwembamba ulioganda kwenye kioo, akidhani amepunjwa. Kwa kweli miligramu 10 za peptidi tupu mara nyingi huacha kitu kidogo kisichovutia macho. Kidonge kinene namna ile kwa kawaida kina kijazio, na kinachotumiwa sana ni manitoli, aina ya sukari isiyo na madhara makubwa ambayo huupa unga umbo. Kutumia kijazio si kosa, kwani hata viwanda vya dawa vinavyosimamiwa hukitumia. Kosa ni kutokitaja, na lebo ile ilitaja epitaloni peke yake.

Cheti cha uchambuzi kilikuja kama faili la kupakua. Kilikuwa na nembo, sahihi, mchoro wa kromatografia, mbinu ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika, na tamko kwa herufi nene kwamba usafi ni zaidi ya asilimia 99. Namba ya toleo iliyokuwa juu ya cheti haikuwa ile iliyokuwa kwenye vichupa. Nilimwandikia muuzaji nikimwomba cheti cha toleo letu, naye akanijibu kwa adabu siku iliyofuata kwamba matoleo yote hutengenezwa kwa utaratibu mmoja, akaniambatishia faili lile lile. Katika maabara inayojiheshimu, jibu la namna hiyo lingetosha kurudisha mzigo mzima.

Sasa niingie kwenye vipimo. Kwa upande wa utambulisho sina lawama: spektrometa ya masi, kifaa cha kupima uzito wa molekuli, ilionyesha ioni kwenye 391.15, mahali ambapo molekuli hii inatakiwa kuonekana ikishabeba protoni moja, na vipande vyake vilipangika kwa mfuatano unaotarajiwa. Kwa hiyo chaki haikuwa. Wala hili halikunishangaza sana, kwa sababu kuunganisha asidi amino nne juu ya punje za resini, kwa mbinu aliyoitangaza Robert Merrifield mwaka 1963 na iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984, ni kazi rahisi kwa kiwanda chochote cha peptidi. Kudanganya jina la kitu rahisi kukitengeneza hakuna faida kubwa. Faida hupatikana kwenye namba.

Tuanze na ile asilimia 99. Epitaloni hupenda maji kupita kiasi: ina vikundi vingi vya asidi na haina sehemu ya mafuta ya kung'ang'ania kwenye safu ya kawaida ya kromatografia. Ukiipitisha kwa mpangilio wa haraka unaotumiwa kwa peptidi nyingine, hutoka mwanzoni kabisa pamoja na chumvi na takataka zote zisizoshikwa, na vyote hivyo vinaonekana kama kilele kimoja kizuri, chembamba, kirefu. Mchoro wa cheti ulikuwa hivyo hasa: kilele kilisimama karibu na mstari wa kuanzia, halafu dakika ishirini za utulivu mtupu. Ni sawa na kuhesabu wageni mlangoni wakati wote wanaingia kwa mkupuo; utahesabu kichwa kimoja. Nilipoupunguza mwendo, nikaanza na maji yenye asidi bila kiyeyusho kingine na kutumia safu inayovumilia hali hiyo, kilele kile kilijitenga na kuonyesha bega dogo upande wa kulia. Asilimia 99 ikashuka, si kwa kutisha, lakini ikashuka.

Bega hilo linastahili maelezo, na naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa hapa ndipo kemia ya epitaloni inapokuwa na mkasa wake. Mahali ambapo asidi ya aspatiki inafuatwa na glisini ni mahali dhaifu panapofahamika sana na watu wa peptidi. Mnyororo hujikunja pale, ukatengeneza pete ndogo, na pete inapofunguka tena mara nyingi hufungukia upande usio wake, ukapatikana mnyororo wenye kiungo kilichohama. Uzito haubadiliki hata kidogo, kwa hiyo spektrometa ya masi huupitisha bila kugundua kitu; umbo ndilo limebadilika, na katika peptidi yenye asidi amino nne tu, umbo ndilo karibu kila kitu. Nilitayarisha miyeyusho miwili kutoka kichupa kimoja, mmoja nikauweka kwenye jokofu na mwingine nikauacha kwenye rafu ya maabara, nikaipima tena baada ya wiki mbili. Bega la mmyeyusho wa jokofu lilibaki karibu vile vile. La mmyeyusho wa rafu lilikuwa limekua kiasi cha kuonekana na mtu asiye na utaalamu. Maelekezo ya muuzaji kuhusu uhifadhi yalikuwa sentensi moja, "weka mahali pa baridi na pakavu", nayo haikusema kama inazungumzia unga au mmyeyusho.

Namba ya pili ni miligramu 10 zenyewe. Peptidi ikishasafishwa kwa njia ya kawaida hubaki imeshikamana na asidi ya trifluoroasetiki. Molekuli moja tu ya asidi hiyo ikikaa juu ya kila molekuli ya epitaloni, zaidi ya humusi moja ya uzito wa unga si peptidi tena. Ongeza unyevu kidogo, na miligramu 10 zilizopimwa kwenye mizani zinakuwa pungufu ya nane za kitu ulichokilipia. Watengenezaji wakubwa hutofautisha mambo mawili, usafi na kiasi halisi cha peptidi, na huandika yote mawili. Cheti chetu kiliandika la kwanza peke yake, na mnunuzi asiye mkemia ataisoma asilimia 99 kama kwamba inajibu maswali yote mawili. Unga unaweza kuwa safi kwa asilimia 99 kwa mujibu wa mwanga wa urujuanimno, ambao kifaa cha kromatografia huutumia kuonea, huku nusu ya uzito wake ikiwa manitoli, kwa sababu manitoli haionekani kabisa kwa mwanga huo.

Kuhusu vijidudu na endotoksini, cheti kilikuwa kimya, nami hilo ndilo ninalolihesabu kuwa kasoro kubwa kuliko zote. Endotoksini ni mabaki ya kuta za bakteria. Haziondoki kwa kuchujwa na kichujio cha kawaida cha kuzuia vijidudu, zinavumilia joto, na kiasi kidogo sana kikiingia mwilini kwa sindano huleta homa na baridi kali. Kitu kinachouzwa ndani ya kichupa chenye kizibo cha kutobolewa kwa sindano, kando yake pakiuzwa pia maji ya sindano yenye pombe ya benzili, kinaeleweka na kila mtu kitakwenda wapi. Ukurasa wa muuzaji umeandika kwamba bidhaa si kwa matumizi ya binadamu, na chini kidogo ya maneno hayo kuna kikokotoo kinachomsaidia "mtafiti" kujua avute mistari mingapi kwenye bomba la sindano la insulini. Sijawahi kuona mtafiti wa seli anayehitaji mistari ya bomba la insulini.

Hayo yalikuwa ya kichupa. Mzee wetu, hata hivyo, hakununua kichupa. Alinunua ahadi, na ahadi nayo ina vipimo vyake.

Ahadi yenyewe inasimama juu ya telomea, vipande vya kurudiarudia vilivyoko kwenye ncha za kromosomu. Kila seli inapogawanyika vinapungua kidogo, na mwaka 1961 Leonard Hayflick pamoja na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zinazokuzwa maabara hugawanyika idadi fulani ya mara kisha husimama. Kimeng'enya cha telomerezi huweza kuzijenga upya ncha hizo, na ugunduzi wa namna telomea na telomerezi zinavyofanya kazi uliwapa Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Mwaka 2003 Khavinson na wenzake walichapisha kwamba epitaloni iliamsha telomerezi na kurefusha telomea katika seli za binadamu zilizokuwa zikikuzwa kwenye sahani. Mwaka uliofuata walieleza kwamba seli za fibroblasti zilizokuwa zikichoka kwenye upandikizaji wa 34 (yaani kuhamishiwa sahani mpya kwa mara ya 34) ziliendelea hadi kupita wa 44 zilipowekewa peptidi hiyo.

Ni matokeo ya kuvutia, na sioni sababu ya kuyabeza. Kwa miaka mingi dosari yake kubwa ilikuwa kwamba karibu yote yalitoka kwa kundi lile lile, mara nyingi katika majarida yale yale, na watu wa nje hawakujishughulisha kuyarudia. Hilo limeanza kubadilika: mwaka 2025 watafiti wa Brunel University London walichapisha kazi yao wenyewe, wakaona telomea zikirefuka katika seli za binadamu zilizowekewa epitaloni. Katika seli za kawaida urefukaji ulikwenda pamoja na telomerezi, lakini katika baadhi ya seli za saratani ya matiti ulipitia njia nyingine ambayo baadhi ya saratani huitumia kujirefushia maisha. Muuzaji wetu aliiweka nusu ya kwanza ya habari hiyo kwenye ukurasa wake. Nusu ya pili sikuiona.

Kwa wanyama, utafiti unaotajwa zaidi ni ule wa Vladimir Anisimov na wenzake, uliochapishwa pia mwaka 2003. Panya wa kike walidungwa mikrogramu moja kwa siku tano mfululizo kila mwezi, kuanzia umri wa miezi mitatu. Wastani wa maisha yao haukubadilika. Kilichobadilika ni mwisho wa mstari: asilimia 10 ya panya walioishi muda mrefu zaidi waliongezewa asilimia 13.3, umri wa juu kabisa ukapanda kwa asilimia 12.3, na saratani ya damu ikapungua mara sita. Katika matangazo ya wauzaji, sentensi ya kwanza, ile ya wastani usiobadilika, huwa imeyeyuka kama jeli ya kifurushi chetu. Tena, panya wa maabara kwa asili wana telomea ndefu kuliko zetu na telomerezi yao haikulala katika tishu nyingi, kwa hiyo panya akiishi zaidi baada ya kupewa epitaloni, telomea si mahali pa kwanza pa kutafutia sababu. Maelezo yanayohusu melatonini, homoni ya usiku, na mdundo wa usiku na mchana, ambayo yanarudi kwenye tezi ya pineali ilikoanzia habari yote, kwangu yana uzito kuliko hadithi ya ncha za kromosomu, ingawa hayauziki vizuri.

Kwa binadamu mambo ni machache zaidi. Zile tafiti za Kyiv na St. Petersburg zilizofuatilia wazee kwa miaka kadhaa, ambazo wauzaji wanazinukuu wakisema epitaloni ilipunguza vifo, zilitumia hasa epithalamini, dondoo ya tezi ya ng'ombe, yenye mchanganyiko wa peptidi nyingi. Kuyachukua matokeo ya dondoo na kuyabandika kwenye kichupa cha peptidi iliyoundwa ni kumpa mtoto sifa za ukoo mzima. Mamlaka za dawa za Marekani na za Umoja wa Ulaya hazijaidhinisha epitaloni kwa ugonjwa wowote, na mwaka 2023 ile ya Marekani iliiorodhesha miongoni mwa malighafi zinazoweza kuleta hatari kubwa ya usalama zikitumiwa katika dawa za kuchanganywa na wafamasia, ikitaja mwitikio wa kinga ya mwili na uchafu unaoambatana na peptidi. Mtu aliyesoma habari ya bega langu la kromatografia ataelewa kwamba uchafu huo si wa kufikirika.

Muuzaji huyo huyo anauza pia vidonge vya kumeza vyenye epitaloni. Sikuvinunua. Vimeng'enya vya tumbo na utumbo kazi yao ni kukata peptidi, na mlango mkuu wa utumbo unaopitisha peptidi nzima nzima umeumbwa kwa zile za asidi amino mbili au tatu. Hii ina nne.

Kama kitendanishi cha maabara, yaani kemikali ya kufanyia majaribio, kwa mtu mwenye vifaa vya kuithibitisha na asiyetegemea cheti, ningeipa bidhaa hii alama tatu kati ya tano: utambulisho sahihi, ufungaji mzuri, usafi wa kuridhisha, ila kiasi hakijulikani, kijazio hakikutajwa na cheti si cha toleo husika. Kama kitu cha kuingiza mwilini siwezi kuipa alama yoyote, kwa sababu vile vitu ambavyo alama hizo zingepimia, yaani usalama kutokana na vijidudu, endotoksini, dozi na uthabiti wa mmyeyusho, muuzaji hakuvileta mezani.

Nilimpelekea mzee michoro yote, tukakaa nayo karibu saa nzima, naye akaniuliza maswali mazuri kuliko ya wanafunzi wengi niliowahi kuwafundisha. Mwishoni akaigusa karatasi yenye bega, akasema, "Kwa hiyo chaki si chaki, na dawa si dawa." Nikamjibu, "Ndiyo, mzee, ni kitendanishi." Aliomba vichupa vinne vilivyobaki nivitumie kuwafundishia vijana kutenganisha viungo vilivyohama, na sasa viko kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kila kimoja kikiwa na lebo mpya aliyoiandika kwa mkono wake: jina la peptidi, tarehe ya kufika, na mahali pa kuandika kiasi pameachwa wazi.